Simu ikifa baada ya kuitengeneza mwenyewe, nani alaumiwe?



Leo naomba tuziweke pembeni habari za Dodoma tuongee jambo ambalo karibu kila kijana anayesoma hapa amekutana nalo, yeye mwenyewe au mshikaji wake. Simu ya tachi imepasuka kioo. Hela ya fundi hakuna. Kijana anaingia YouTube, anaangalia video ya dakika nane, anaagiza kioo kwa mtu anayekwenda Bukoba au Mwanza, anaazima bisibisi ndogo, anafungua simu juu ya meza. Anabandika kioo kipya, anafunga, anabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

Kinachofuata ni vicheko kijiweni. "Si tulikwambia upeleke kwa fundi!" Mimi naona tunacheka mapema mno. Nina hoja tatu. Ya kwanza, kijana aliyefungua simu alikuwa na sababu za maana kabisa. Ya pili, simu nyingi tunazosema zimekufa bado hazijafa, ila zinatafutiwa ugonjwa kwa kubahatisha. Ya tatu, wapo wakubwa wenye sehemu yao katika hasara hii, na kuna nchi zimeshawabana. Twende moja moja.

KWANINI TUNAFUNGUA WENYEWE

Wanaosema "peleka kwa fundi" hawapigi hesabu yote. Kutoka huku vijijini mpaka Omurushaka au Kayanga ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mara nyingi unakwenda mara mbili: siku ya kupeleka na siku ya kuchukua. Fundi akisema "kipuri hakijafika, njoo wiki ijayo", imekuwa mara tatu. Nauli peke yake inaanza kukimbizana na bei ya kioo.

Halafu kuna suala la kuiacha simu kwa mtu usiyemjua. Simu ya leo si ya kupigia tu. Ndani yake kuna picha za familia, meseji, namba za wateja, na laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo laini yako siku hizi ni kama kitambulisho chako. Fundi anakuomba namba ya siri ili "ajaribu kama tachi inafanya kazi". Unampa, unaondoka, hujui anafungua nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hebu niambie ni kibanda gani cha simu umewahi kukuta mtu anaikumbuka.

Na kuna suala la msimu. Huku kwetu hela inakuja na kahawa. Simu ikipasuka wakati kahawa bado iko mtini, una njia mbili: ukae bila simu, au uiuze kwa bei ya kutupa kwa mtu wa vipuri. Watu wa Kagera tunajua butura maana yake nini: unauza kahawa ikiwa bado shambani kwa bei ya hasara kwa sababu shida imekubana leo. Kuuza simu nzima kwa sababu ya kioo tu ni butura ya aina nyingine. Kijana anayekataa hiyo butura akachukua bisibisi, mimi simwiti mjinga.

Ongeza na kodi. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilisamehe VAT, ile asilimia 18, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kwa maelezo kwamba watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Bajeti iliyofuata, 2022/23, msamaha kwenye simu ukafutwa. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuukataa, lakini matokeo yake kwa mtu wa chini yanaeleweka: simu mpya inabaki kuwa ghali, kwa hiyo ya zamani lazima iishi muda mrefu. Na simu ikiishi muda mrefu, lazima siku moja ifunguliwe. Swali ni nani ataifungua, kwa ujuzi gani na kwa kipuri gani.

KABLA HUJASEMA IMEKUFA

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Simu ikigoma baada ya matengenezo, kosa kubwa ni kufanya mambo kumi kwa mpigo: kubadilisha betri, kuiflashi, kuipasha moto kwa draya, kuigonga. Ukifanya yote hayo hutajua tena tatizo lilikuwa wapi, na huenda umeongeza mengine mawili. Fuata mpangilio.

1. Iangalie betri kwanza. Ikiwa imevimba, inatoa harufu au ina joto lisilo la kawaida, acha hapo hapo. Usiichaji, usiikunje, usiitoboe ili "itoe hewa". Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto palepale. Itoe nje ya nyumba, mbali na godoro na watoto. Hapo hakuna mjadala.

2. Okoa laini. Toa laini yako uiweke kwenye kitochi. Watu wengi wanachanganyikiwa wakidhani hela za M-Pesa zimefia ndani ya simu. Hazimo humo. Akaunti iko kwenye namba yako, na *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi cha bei ya chini kuliko vyote. Ukishatulia kuhusu hela, utatafuta tatizo kwa akili, si kwa hofu.

3. Jiulize: imekufa simu au kimekufa kioo? Rudisha laini kwa dakika moja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, subiri, kisha ipigie kutoka simu nyingine. Ikiita au ikitetemeka huku kioo ni cheusi, bodi iko hai. Tatizo lako liko kwenye kioo au kwenye ule mkanda mwembamba unaokiunganisha na bodi, mafundi wanauita fleksi. Fungua, chomoa betri kwanza, kisha chomoa fleksi uirudishe mpaka usikie "tik". Vile vichwa vya fleksi vidogo ni rahisi kukaa upande bila wewe kuona.

4. Mulika kwa tochi. Kama kioo ni cha LCD, ingia sehemu yenye giza umulike tochi kwa pembeni. Ukiona picha kwa mbali sana, hafifu, basi kioo kinafanya kazi ila taa yake ya nyuma haiwaki. Hili hutokea sana mtu akichomeka kioo wakati betri bado imeunganishwa. Umeme unapita pasipostahili na kuunguza kijisaketi cha taa kwenye bodi. Video nyingi zinaruka hatua ya kuchomoa betri kwa sababu inachukua muda na haivutii kutazama. Kumbe hatua hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

5. Rudisha kioo cha zamani. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote na hakigharimu hata senti. Kioo chako kilichopasuka, kama kilikuwa kinaonyesha picha, kichomeke tena. Kikiwaka, simu yako ni nzima na ulichonunua ndicho kibovu. Ndiyo maana usitupe kioo cha zamani, na usipake gundi kabla ya kujaribu. Unaunganisha kwanza, unawasha, unagusa kila kona, unapiga simu, ukiridhika ndipo unabandika. Ukishapaka gundi, muuzaji hatakirudisha kamwe.

6. Haina uhai kabisa? Weka chaja unayoiamini, nusu saa nzima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde kama 20. Simu nyingi za Android zinalazimika kuanza upya kwa njia hiyo. Bado? Mwenye mita apime betri. Ikiwa kati ya volti 3.7 na 4.2, betri inatosha kuiwasha simu. Ikiwa chini ya 3, imeisha kabisa au imechoka, na simu isiyowaka hapo haijathibitisha lolote. Kama betri iko sawa na simu haipokei chaji, angalia ile bodi ndogo ya chini yenye tundu la chaji na fleksi inayoipeleka juu.

7. Inawaka lakini haina mtandao. Usikimbilie kuiflashi. Piga *#06#. Namba ya IMEI ikitokea sawasawa, tafuta waya mwembamba wa antena unaokwenda toka bodi ya juu hadi ya chini. Ukifungua simu ni rahisi sana kuuchomoa bila kujua. Lakini IMEI ikiwa tupu au sifuri tupu, na simu imepitia kwa mtu wa kuflashi, hilo ni tatizo la programu. Angalizo: kubadilisha IMEI ya simu ni kosa kisheria hapa Tanzania, kwa hiyo anayekwambia "nakuwekea namba nyingine" anakuingiza kwenye matatizo makubwa kuliko ya kioo.

8. Inawaka na kujizima. Chomoa vitu vya pembeni kimoja kimoja, kwa mfano kamera au kisoma alama za vidole, uone inatulia ukichomoa kipi. Kwa wenye iPhone, simu inayojiwasha upya kila baada ya dakika tatu hivi mara nyingi inatafuta kihisi ambacho hakipo au hakikuunganishwa vizuri, kwa mfano kilichoko kwenye fleksi ya chaji.

9. Skrubu. Zinafanana kwa macho lakini hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa bodi, na bodi ya simu ina tabaka nyingi za nyaya ndani yake. Hapo ndipo simu inapokufa kweli. Dawa yake ni karatasi: chora umbo la simu, kila skrubu iweke mahali pake kwenye mchoro.

Ukimaliza hatua hizi na jibu ni "bodi", sasa nenda kwa fundi mwenye vifaa vya kuchomelea. Na umwambie ukweli wote: umefungua, umefanya nini na nini. Fundi anayefichwa anapoteza saa mbili kutafuta kitu ambacho ungemwambia kwa sentensi moja.

Kwa walioangusha simu kwenye maji: mchele hausaidii. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2024 kwamba usitumie mchele, maana vumbi lake linaweza kuiharibu simu zaidi. Zima, toa laini, usichaji, iache mahali penye hewa.

KIOO "ORIJINO"

Turudi kwenye ile hatua ya tano, maana ndiyo yenye siasa ndani yake. Kijana anaweza kufanya kila kitu sawa na simu isiwake kwa sababu kipuri ni kibovu. Sokoni kila kioo ni "orijino". Kuna kilichotoka kiwandani kwa mtengenezaji, kuna kopi nzuri, kuna kopi mbaya, kuna kilichong'olewa kwenye simu nyingine. Vyote vinakuja kwenye boksi lisilo na maneno, na muuzaji anasema "nakupa cha uhakika".

Mfano mmoja. Simu iliyotoka kiwandani na kioo cha AMOLED inaweza kuwekewa kopi ya LCD kwa bei ya chini. Itawaka. Lakini kisoma alama za vidole kilichoko chini ya kioo hakitafanya kazi, rangi zitapauka, na simu huenda isifunge vizuri kwa sababu kopi ni nene zaidi. Mwenye simu atasema "nimeiharibu". Hajaharibu kitu. Ameuziwa kitu kingine.

Pia jina la dukani halitoshi. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na bodi za chaji tofauti. Kabla ya kuagiza, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", uandike namba ya modeli yote na herufi zake. Hiyo ndiyo ya kumpa anayekwenda Bukoba.

WATENGENEZAJI NAO WAMO

Wakubwa wetu wanakumbuka Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Ulikuwa unafungua mfuniko wa nyuma kwa kidole, unatoa betri, unaweka nyingine, basi. Leo simu zimebandikwa gundi pande zote na betri imegandishwa ndani. Sababu wanazotoa si za uongo: simu inakuwa nyembamba, inazuia maji, na kisoma alama za vidole kikibadilishwa ovyo mwizi anaweza kunufaika. Nakubali. Lakini gundi hiyo hiyo inawaletea wateja wapya simu za zamani zinapokufa.

Kesi inayofundisha ni ile ya "Error 53". Watu waliobadilishiwa kioo au kitufe cha alama za vidole cha iPhone kwa mafundi wa nje walikuta simu zao, baada ya kusasisha programu, zimegeuka mawe. Kampuni ikawa inawaambia baadhi ya wateja kwamba kwa kuwa walitengeneza nje hawana haki ya kusaidiwa. Nchini Australia shirika la kulinda walaji likaenda mahakamani, na Juni 2018 Apple ikaamriwa kulipa dola milioni 9 za Australia. Maana ya uamuzi ule ni rahisi: kupeleka simu kwa fundi wa mtaani hakufuti haki zako zote kama mnunuzi.

Ulaya wamekwenda mbele zaidi. Kuanzia 20 Juni 2025, simu janja mpya zinazoingia kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinafungwa na masharti mapya, mojawapo likiwa kwamba vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Betri nazo zinatakiwa kubaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Mwaka 2024 walipitisha pia sheria ya haki ya kutengeneza, na nchi wanachama zikapewa hadi 31 Julai 2026 kuanza kuitumia.

Huku kwetu simu zilizojaa ni Tecno, Infinix na Itel, na zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Maana yake ni kwamba hatuna haja ya kubembeleza kampuni hamsini. Tukizungumza na chache tu, tumegusa simu za watu wengi sana.

SERIKALI INAWEZA IKITAKA

Wapo watakaosema serikali haiwezi kufuatilia kioo cha simu. Nawakumbusha usiku wa 16 Juni 2016. TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Tuliambiwa tupige *#06#, tutume namba kwenda 15090, tukajua yetu ni halali au feki. Kenya walikuwa wamefanya hivyo tangu 2012. Kwa hiyo nia ikiwepo, njia hupatikana. Kilichofanyika ni kumzimia mtumiaji wa mwisho. Aliyeingiza na kuuza simu ile alishakula hela yake zamani.

Kwenye vipuri nisingependa turudie vile vile. Wakisema leo "vioo vyote visivyo orijino marufuku", anayeumia ni kijana wa Kituntu. Kopi ndiyo anayoimudu. Ninachopendekeza ni vitu vitatu vidogo.

Kwanza, boksi liseme ukweli: cha kiwandani, kopi, au kilichotumika. Mtu anunue kopi akijua ni kopi, kwa bei ya kopi. Tume ya Ushindani, FCC, ipo na inashughulika na bidhaa bandia. Hili liko kwenye uwanja wake.

Pili, muda wa kujaribu. Siku saba za kurudisha kipuri ambacho hakijapakwa gundi, kwa risiti. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu hapo.

Tatu, elimu ifike huku. Bukoba kuna chuo cha VETA cha mkoa kule Burugo. Kozi fupi ya wiki mbili ikiletwa kwenye kata, siku za gulio, ingeokoa simu nyingi kuliko matangazo ya mabango. Na redio ya jamii FADECO iko hapa hapa Karagwe. Nusu saa kwa wiki ya kueleza kwamba betri inachomolewa kwanza haihitaji mfadhili kutoka nje.

Msimamo wangu: kubadilisha kioo au betri inayotoka bila shida, jaribu mwenyewe ukiwa na mpangilio na kipuri ulichokipima. Betri iliyogandishwa, bodi na kuflashi, mwachie mwenye ujuzi. Simu ikigoma, kabla ya kumcheka mtu muulize ulinunua wapi kipuri na kama alijaribu kurudisha cha zamani.

Sasa zamu yenu. Walioko Nkwenda, Kayanga, Murongo na kwingineko: kioo cha simu yako mliuziwa shilingi ngapi, na muuzaji alikubali kukirudisha kilipogoma? Mafundi nao mseme, maana najua mna hoja zenu kuhusu sisi tunaofungua simu kwa kisu cha kumenyea ndizi. Uwanja ni wenu.